Gesi Inapofunguliwa: Kutoka Damu ya Mpiga Mbizi hadi Kina cha Ziwa Kivu

Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie tabia ya gesi huru katika sayansi mbalimbali. Shuleni tumezoea kuigawa mada hii: mwalimu wa kemia ana yake, wa fizikia ana yake, wa jiografia anagusa volkano na kupita, na daktari anakutana nayo akiwa kazini. Leo nitafuata jambo moja tu katika fani zote hizo: gesi iliyofungwa ndani ya kimiminika, na kinachotokea inapofunguliwa.

Mwaka 1803, William Henry, mkemia wa Manchester, alionyesha kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka ndani ya maji hulingana na mgandamizo wa gesi hiyo juu ya maji. Mgandamizo ukiwa mara mbili, gesi inayoyeyuka nayo huwa mara mbili, mradi joto ni lile lile. Ukipungua, gesi hutoka. Kila aliyefungua chupa ya soda ameiona kanuni hiyo kwa macho yake.

Tuanze na mwili. Mwaka 1670 Robert Boyle aliandika kuhusu nyoka aliyemfungia ndani ya chombo na kuinyonya hewa yote kwa pampu. Ndani ya jicho la nyoka yule aliona kiputo kikitembea huku na huko. Karne mbili baadaye mafundi waliojenga misingi ya Daraja la Brooklyn, New York, walifanya kazi chini ya mto ndani ya vyumba vilivyojazwa hewa ya mgandamizo mkubwa. Walipotoka juu, wengine walipatwa na maumivu makali ya viungo, wengine wakapooza. Mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, aliangushwa na ugonjwa huo mwaka 1872. Mfaransa Paul Bert ndiye aliyeeleza chanzo mwaka 1878: viputo vya naitrojeni.

Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo wa angahewa moja. Mpiga mbizi aliye mita 30 chini anavuta hewa yenye mgandamizo mara nne ya ule wa juu, na naitrojeni inazidi kuyeyuka katika damu na mafuta ya mwili wake. Akiwa kule chini, naitrojeni hiyo imetulia. Hatari inakuja anapopanda haraka, kwa sababu gesi inageuka viputo kabla mapafu hayajapata muda wa kuitoa. John Scott Haldane, baada ya majaribio mengi kwa mbuzi, alichapisha mwaka 1908 majedwali ya kupanda kwa hatua, mpiga mbizi akisimama hapa na pale njiani. Aliyekwisha kuumia hurudishwa kwenye mgandamizo mkubwa ndani ya chumba maalumu, kisha unashushwa polepole.

Sasa tuondoke kwenye damu twende ziwani.

Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kameruni lilitoa wingu la kabonidayoksaidi lililoteremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya mifugo. Gesi hiyo ilikuwa imetoka ardhini ikakusanyika katika maji ya kina, ikishikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Maji ya chini yalipoinuka, viputo vikaanza. Viputo vikainua maji mengine, na hayo nayo yakafungua gesi yake. Tangu mwaka 2001 kuna bomba linaloitoa gesi hiyo kwa utaratibu. Likishaanzishwa halihitaji pampu, maana viputo vyenyewe ndivyo vinavyoyapandisha maji.

Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, ni kubwa zaidi kwa mbali. Kina chake kinakaribia mita 485, na ndani yake kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani, zikipimwa kwa ujazo ambao gesi hizo zingekuwa nao juu ya maji. Maji ya chini yana chumvi nyingi na gesi iliyoyeyuka, kwa hiyo ni mazito, hayachanganyiki kirahisi na ya juu.

Hapa naomba tukae kidogo. Ukiangalia namba hizo utasema kabonidayoksaidi ndiyo tishio, kwa kuwa ni mara tano ya methani. Lakini kabonidayoksaidi huyeyuka kwa urahisi sana, na methani huyeyuka kwa shida. Methani kidogo inasukuma kwa nguvu kuliko kabonidayoksaidi nyingi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mgandamizo wa gesi ndani ya Kivu inatokana na methani, na methani ndiyo mafuta ya kuzalishia umeme. Anayeivuna kwa uangalifu anapunguza pia hatari. Mimi naona huu ni mojawapo ya mifano mizuri kuliko yote ya kemia ya darasani inavyogusa maisha ya watu, na inaniuma kwamba wanafunzi wengi wa ukanda wetu wanamaliza shule bila kuusikia.

Mtambo wa KivuWatt, upande wa Rwanda karibu na Kibuye, unazalisha megawati 26. Maji hutolewa kina cha mita 350 hivi. Yakikaribia juu, mgandamizo unapungua na gesi inajitenga. Kisha gesi hiyo inaoshwa kwa maji; kabonidayoksaidi inayeyuka tena, methani inabaki. Kanuni ya Henry imetumika mara mbili katika mtambo mmoja. Maji yaliyotolewa gesi hurudishwa ziwani, na hapo ndipo penye kazi ngumu: yasiporudishwa kwenye tabaka linalolingana na uzito wake, yatavuruga matabaka yanayoifungia gesi chini.

Mtaniuliza: je, Kivu itafanya kama Nyos? Viputo huanza pale mgandamizo wa gesi unapoushinda ule wa maji. Ndani ya Kivu, hata pale mgandamizo wa gesi unapoukaribia zaidi ule wa maji, bado ni kama nusu yake. Lava ya volkano ya Nyiragongo, iliyo jirani, iliingia ziwani Januari 2002 na matabaka ya kina hayakuvurugika. Lakini volkano ikilipuka chini ya ziwa lenyewe ni habari nyingine, ndiyo maana vipimo havipaswi kukatizwa, hata wakati wa vita.

Mwisho, mazuku. Wenzetu wa Goma na Sake wanayajua vizuri. Ni kabonidayoksaidi iliyokwisha kuwa huru, inayotoka kwenye nyufa za ardhi. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Haina rangi, na mbuzi, mbwa na watoto huanguka kwanza kwa kuwa vichwa vyao viko karibu na ardhi. Ukimwona mtu ameanguka shimoni sehemu kama hizo, usiteremke. Hewa ya pale ulipo wewe, juu kidogo tu, inaweza kuwa salama kabisa, lakini ukiinama kumshika utavuta ile ile iliyomwangusha. Anayeingia awe na mtungi wake wa hewa na kifuniko cha uso.

Ahsanteni. Karibuni maswali.