Karatasi ya Polisi na Karatasi ya Maliasili

Mwadila! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mnada? Najua nimepangiwa saa mbaya, nyama choma inanukia na ninyi mnanitazama mimi. Sitachelewa. Nasema hivyo kila mara, halafu nachelewa.

Nimelisema hili Magu, nimelisema Bunda, nimevuka na kivuko mpaka Nansio kulisema, na leo nalisema hapa Lamadi, ambako ukisimama barabarani ziwa liko upande huu na wanyama upande ule. Leseni ya bunduki siyo ruhusa ya kuwinda. Basi. Anayetaka kuwahi nyama choma aondoke na hilo. Karatasi ya kumiliki silaha inatoka polisi, chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Karatasi ya kuwinda inatoka maliasili, siku hizi TAWA, mamlaka ya wanyamapori, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Ya kwanza inasema unaaminika kukaa na chuma hicho nyumbani. Ya pili inasema mnyama gani, wangapi, pori lipi, kuanzia lini hadi lini. Moja haizai nyingine.

Wanaonijua wameshajua kwamba sasa nasimulia habari ya baiskeli. Nivumilieni.

Nilikuwa bado kazini, askari wa wanyamapori. Asubuhi ya mwezi wa saba, kwenye njia ya kando ya mashamba ya pamba, anakuja bwana mmoja na baiskeli taratibu. Kanga watatu kawafunga miguu kwenye usukani, vichwa vinaning'inia, damu inadondokea tairi la mbele. Mgongoni shotigani, imeviringishwa kwenye kitenge cha mkewe. Tukasalimiana vizuri tu. Nikamwambia, kaka, naomba nione kibali. Hakubabaika hata kidogo. Akatia mkono kwenye koti, akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko bahasha, ndani ya bahasha kitabu cha leseni kilichotunzwa kuliko cheti cha ndoa. Nikafungua. Mwenye leseni amezaliwa 1931. Nikamtazama usoni, hata mvi hana.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mzee wangu."

"Mzee yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka juzi."

"Na bunduki yake?"

"Si ndiyo hii? Tulipoanua matanga ng'ombe wakagawanywa, mdogo wangu akachukua mashine ya kusaga, mimi mkubwa nikapewa bunduki."

Mnacheka. Yeye hakucheka. Alinijibu kama mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo hata mtoto analijua. Na kimila alikuwa sawa kabisa: ukoo ulikaa, wazee wakashuhudia, hakuna aliyenung'unika. Ila leseni ni ya mtu, si ya bunduki. Mtu akifa, leseni imezikwa naye. Kile chuma kinakabidhiwa polisi, na mrithi anayekitaka anaomba upya kwa jina lake, kuanzia kijijini, vikao vya ulinzi na usalama, mpaka juu. Anaweza kukubaliwa, anaweza kukataliwa. Kwa hiyo bwana huyu, kila usiku aliolala, kosa lilikuwa darini juu ya kichwa chake, na yeye anakoroma.

Hilo la kwanza. La pili, leseni ya kuwinda hakuwa nayo hata ya marehemu.

Akaanza kujitetea, na najua hapa wapo wanaoziwaza hoja hizo hizo. "Afande, kanga ni ndege, siyo mnyama." Kwenye sheria hii neno mnyama linambeba na ndege, ndugu yangu. "Wanafukua mbegu zangu." Wafukuze. Halafu akatoa ile iliyonichosha: "Lakini huu ni mwezi wa saba, msimu si umefunguliwa?" Hee! Duka likifunguliwa asubuhi, ndiyo unaingia unabeba sukari unaondoka?

Kesi ilikwenda mahakamani. Alichopata sikitaji, maana kila nikitaja kuna mtu anapiga hesabu kuona kama ilimlipa. Kanga waliandikwa kama vielelezo, na hadi jioni hakuna aliyetaka kukaa nao chumba kimoja.

Haya, huo msimu wenyewe. Kwa mwenyeji ni tarehe 1 Julai hadi 31 Desemba. Mvua za masika zimekatika, nyasi zimelala, unaona unachokilenga. Miezi ya kuzaa, kama Februari kule kusini ya Serengeti ambako nyumbu wanashusha ndama, mwenyeji haruhusiwi. Na hata ndani ya msimu huruhusiwi kumpiga mnyama mchanga, wala jike mwenye mimba au anayeongozana na mtoto. Halafu kuna miaka ambayo Serikali ilifunga uwindaji wa wenyeji kabisa, kwa hiyo kabla ya kuhesabu miezi nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya umuulize kama mwaka huu kuna leseni, na ni za eneo gani.

Nasikia mtu kule nyuma: "Mbona mzungu anawinda mpaka Machi?" Kweli, msimu wa watalii unakwenda hadi 31 Machi. Naye analipa kwa dola, kila mnyama na bei yake, na haendi porini peke yake kama wewe na baiskeli. Unaona kuna uonevu? Tuongee siku nyingine, tena huenda nikakuunga mkono. Lakini hoja hiyo haitakutoa rumande.

Tochi usiku, sumu, mitego ya nyaya, mashimo, kufukuza mnyama kwa gari: vyote marufuku. Gobore nalo ni silaha, linataka leseni, hata kama alilichonga shemeji yako.

Ila panga nitalisimamia kidogo, kwa sababu ya hapa tulipo. Ndabaka, lango la Serengeti, ni pale; Kijereshi, pori la akiba, ni pale. Ukikutwa ndani ya hifadhi bila kibali, panga lako la kukatia kuni linaandikwa kwenye hati ya mashtaka kama silaha, na kipande cha waya kinaandikwa kama mtego. Ukikutwa na mguu mmoja wa nyumbu mkavu, hawakadirii bei ya mguu. Wanakadiria nyumbu mzima, dola 650 katika kesi nyingi za huku kwetu, na wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba umeupata kihalali. Hiyo ni nyara ya Serikali, hata kama ulitaka kula na ugali tu. Vijana wa huku wamefungwa miaka 20 kwa nyama isiyojaza sufuria. Anayetaka nyamapori kuna mabucha yenye leseni tangu kanuni za 2020. Nunua, chukua risiti, itunze.

Muda? Dakika mbili? Na kiboko bado sijamgusa. Akikuvamia ukamuua kujiokoa, sheria inakuelewa, ila toa taarifa mara moja na msianze kuja na mabeseni, maana nyama na meno ni vya Serikali mpaka afisa aseme. Shamba likiliwa kuna kifuta jasho, mtu akifa kuna kifuta machozi. Si fidia, ni pole, na inakawia. Mnajua.

Swali moja tu. Nungunungu? Mama yangu, najua anamaliza mihogo. Banunguli wa zamani, wale wawindaji wa nungunungu wa Kisukuma, walimfuata shimoni kwa tumbo, na mpaka leo ngoma yao inachezwa kwa kutambaa. Ngoma chezeni. Nungunungu mwenyewe mwite afisa.

Na wewe mzee uliyeinamisha kichwa tangu nilipotaja dari, nimekuona. Kesho nenda kwa mtendaji, umwambie kuna bunduki ya marehemu nyumbani, yeye awataarifu polisi waje waichukue. Usinifungie kwenye kitenge ukaniletea hapa. Ukiibeba njiani, tumerudi kwenye baiskeli.