Ndoo ya Kwanza Haihesabiki

Habari za asubuhi, mafundi, nanyi wenye viwanja mliokuja na ramani zenu kwapani. Karo lenyewe, lile tangi la majitaka la chini ya ardhi, sitalizungumzia sana, mnalijua. Tope linatuama chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanatoka yakiwa bado na vijidudu tele. Anayemaliza kazi ni udongo. Udongo usipoyanywa, maji yanarudi bafuni, hata karo liwe zuri kiasi gani.

Tatizo letu hapa Dar es Salaam ni kusema, "Jirani kachimba, linanyonya vizuri." Kigamboni unakuta mchanga, bonde la Msimbazi unakuta mfinyanzi, na kuna mitaa ambayo kiwanja kimoja kina vyote viwili. Shimo la jirani linapima kiwanja cha jirani.

Kuna kipimo cha unyonyaji wa udongo ambacho Waingereza wamekiweka kwenye mwongozo wao wa ujenzi. Nakipenda kwa sababu hakina mashine. Chimba hadi pale bomba la kusambaza maji ya karo udongoni litakapolala, kisha hapo chini chimba kishimo cha mraba, sentimita 30 kila upande na kina hicho hicho. Sasa angalieni kuta zake. Mfinyanzi ukikatwa na koleo unang'aa. Mng'ao huo ni vinyweleo vya udongo vilivyozibwa. Chukua msumari, kwangua kuta zote mpaka zikwaruzike, uzoe vumbi lililodondoka. Fundi mwenye haraka hapa ndipo anaporuka.

Jaza maji, uyaache yazame usiku kucha. Usipime chochote! Udongo wa Januari una nyufa, unameza ndoo nzima ukafurahi. Ukilowa unavimba, nyufa zinajifunga, na huo uliovimba ndio utakaoishi nao masika yote. Asubuhi jaza tena, chomeka rula, subiri maji yashuke kutoka milimita 225 hadi 75. Sekunde zilizopita gawa kwa 150. Rudia mara tatu, katika vishimo visivyopungua viwili, upate wastani.

Tuseme imechukua saa mbili. Hizo ni sekunde 7,200. Ukigawa unapata 48, yaani sekunde 48 kwa kila milimita. Mwongozo unakubali kuanzia 12 hadi 100. Sasa zidisha 48 kwa watu sita wa nyumba, kisha kwa 0.25, kizidishio cha mwongozo huo huo: mita za mraba 72 za mitaro ya kunyonyea. Mwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini ana mita 400, na humo anataka nyumba, gari na banda la kuku. Ndiyo maana nasema pima kabla mchoro haujapitishwa. Nikiitwa msingi ukiwa umeshamwagwa, kinachobaki ni kukadiria gari la majitaka litakuja mara ngapi.

Chimba pia shimo refu la mita mbili hivi, uangalie kama maji ya ardhini yako karibu. Likijaa lenyewe, kale kahesabu kote hakana maana.

Naam, mama pale nyuma? Anauliza: yakizama chini ya nusu saa si ndiyo heri? Hapana, mama. Nusu saa ndiyo ile 12. Chini ya hapo maji yanapita bila kuchujwa. Na penye mwamba wa matumbawe, kama Unguja na sehemu za Kunduchi, yanafuata nyufa na yanaweza kufika mbali sana. Zile mita 30 kutoka kisimani tunazozitaja kila siku zinaweza zisitoshe. Hapo mitaro inawekwa juu ya tabaka nene la mchanga wa kuletwa, ili maji yapungue kasi. Lakini kwanza niambie, mama: kisima chako kiko upande gani wa kiwanja, na cha jirani je?