Kirukanjia wa Usambara hatambuliwi kwa picha ya simu

(Mhadhara kwa walimu wa baiolojia, wanafunzi na wahifadhi wa misitu, Tanga mjini)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana, asanteni. Wanaonijua wanajua nitakachosema, na wengine naona wameshaanza kucheka. Nitasema tena: picha ya simu haitoshi kumtambua kirukanjia, yule mnyama mdogo wa pua ndefu anayekula wadudu. Nimetumiwa picha nyingine: majani makavu, kitu cha kijivu, pua ndefu, na swali, "Mwalimu, huyu ni spishi gani?"

Sijui. Na wewe hujui. Hata bingwa aliyempa jina, ukimwonyesha picha hiyo, atakuuliza fuvu liko wapi.

Kwamba kirukanjia si panya, hilo mnalijua, sitalirudia. Sange naye, yule anayechezesha pua huku akipekua majani, kinasaba yuko karibu zaidi na tembo kuliko na kirukanjia. Tumwache.

Tuanze na kinywa. Fuvu lisafishwe, lishikwe kwa koleo ndogo, litazamwe kwa kioo cha kukuzia. Taya la juu, mbele kabisa, kuna jino kubwa lililopinda kwenda chini. Nyuma kuna jino jingine kubwa, pana, la kukatia. Kati ya hayo mawili vimepangana vijino vyenye ncha moja moja. Vihesabu upande mmoja. Vikiwa vitatu, umeshika Crocidura, jenasi (yaani kundi la spishi za jamaa moja). Vikiwa vinne, fikiria Sylvisorex, na Usambara tunaye Sylvisorex howelli, aliyeelezwa mwaka 1984 kutoka Uluguru na kupewa jina la Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijino cha nne ni kidogo mno, kimebanwa nyuma ya cha tatu. Simu gani itakuonyesha hicho? Baada ya meno, mkia: zile nywele ndefu zilizosimama juu ya manyoya mafupi zimeishia wapi, karibu na shina, nusu, au karibu na ncha? Pima. Usikisie.

Sasa lebo. Hapa naomba mnivumilie.

Niliitwa kwenye maabara ya shule moja, sitaitaja. Chupa nzuri, spiriti safi, kirukanjia hajaharibika hata unywele. Nikageuza chupa kusoma lebo: "Usambara." Basi! Hakuna tarehe, hakuna mwinuko, hakuna jina la msitu. Usambara ipi, jamani? Ya Mashariki, huku Amani, au ya Magharibi, kule Lushoto? Kati yake kuna bonde la Lwengera, na mnyama wa msitu wa baridi hashuki bondeni akapanda upande wa pili kama abiria wa basi la Korogwe. Crocidura usambarae, aliyeelezwa na Dippenaar mwaka 1980, sampuli iliyompa jina ilitoka Shume, Usambara Magharibi. Crocidura tansaniana, aliyeelezwa na Hutterer mwaka 1986, ni wa Amani. Neno moja tu, Mashariki au Magharibi, halikuandikwa kwenye karatasi, na chupa ile ikawa pambo la rafu.

Mtaniambia: kumbe jibu liko kwenye mlima, meno ya nini? La hasha. Ukimpa mnyama jina kwa sababu ya mlima, umejibu kabla ya kuuliza. Mwaka 1910 Thomas alimweleza Crocidura monax wa Kilimanjaro, na kwa muda mrefu virukanjia wa milima mingine wakawa wanasukumwa ndani ya jina hilohilo. Mwaka 2015 watafiti Stanley, Hutterer na wenzao wakapima mafuvu, wakalinganisha vinasaba, wakatenga spishi tatu mpya: Crocidura newmarki wa Meru, Crocidura mdumai wa Ngorongoro, na Crocidura munissii wa Uluguru na Ukaguru. Waliweza kwa sababu mafuvu yapo makabatini, na kila fuvu lina lebo yake. Yangekuwa picha, wangepima nini?

Kuna dada pale mbele amekunja uso. Najua: "Mnaua wanyama adimu." Swali halali. Kutega ndani ya hifadhi kunataka kibali, na kibali si mapambo. Stanley na wenzake walifukia ndoo 11 kwa mstari, mita 5 kutoka ndoo hadi ndoo, na ukuta mfupi wa plastiki ukipita katikati ili mnyama aufuate atumbukie ndooni. Ndoo zitobolewe chini maji ya mvua yatoke, na zikaguliwe mapema, maana kirukanjia akikaa saa chache bila kula anakufa. Lakini anayewamaliza si ndoo. Ni shoka na moto. Na kama hutaki kuua kabisa, paka wa vijiji vya kandokando ya msitu wanakufanyia kazi bure: huua kirukanjia, wakanusa tezi za ubavuni, wakamwacha njiani. Muokote huyo! Mtie kwenye spiriti, na lebo iwe ndani ya chupa, imeandikwa kwa penseli. Si kalamu ya wino. Spiriti itaufuta wino na utabaki na karatasi nyeupe. Kijiji, msitu, mwinuko, tarehe, dume au jike, uzito, nani kaokota.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Slaidi za vinasaba naziruka zote, mtanisamehe. Nilitaka pia kuwaonyesha kucha za mbele za kirukanjia mwingine, Myosorex kihaulei wa Udzungwa, aliyepewa mwaka 2000 jina la Mtanzania Philip Kihaule, kucha za kuchimbia hasa, nazo basi. Masuala ya nani alinde sampuli na zikae nchi gani yanataka siku yake, na nitakuja nimekasirika.

Maswali nayapokea nje, penye chai. Mwenye chupa aje nayo. Mwenye picha, anywe chai.