Oili Inayotoka kwenye Mpira wa Kupumulia: Pikipiki Zetu na Vumbi la Dodoma

(Mhadhara kwa mafundi na madereva wa bodaboda, Dodoma, kama ulivyotolewa)

Mbukwenyi! Ahsanteni sana kwa kuja. Najua hesabu ya bosi haisubiri mhadhara, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja kwenye kazi.

Nazungumzia ule mpira mwembamba unaotoka kwenye injini na kuning'inia chini, au kwenye pikipiki nyingine unarudi nyuma kuingia kwenye boksi la eyaklina, yaani kisafisha hewa ya injini. Wengine mnauita bomba la pumzi, mimi nitauita mpira wa kupumulia. Kuanzia Majengo hadi Ihumwa naona pikipiki ambazo mpira huo umezibwa. Kuna uliopigwa bolti, kuna uliochomekwa kijiti, kuna uliokunjwa ukafungwa kwa waya. Aliyeufunga aliona oili inachuruzika akaamua kuizuia. Ndugu zangu, mpira ule hauzibwi. Oili ikitoka pale kuna sababu, na mara nyingi unaweza kuijua kabla hujafungua hata kava moja.

Tuanze na kazi yake. Chukua injini ya cc 150 yenye silinda moja, hizi tunazopandia kila siku. Pistoni ikishuka, hewa iliyo chini yake inabanwa. Ikipanda, hewa inavutwa. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni inashuka mara 100 kila sekunde. Kila ikishuka inasukuma cc 150. Piga hesabu: lita 15 za hewa kila sekunde, zinakwenda na kurudi humo ndani. Juu ya hiyo, weka moshi unaopenya pembeni mwa ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, kila petroli inapowaka, maana hata ringi mpya haizibi kila kitu. Moshi huo lazima upate pa kutokea. Ndiyo maana likawekwa tundu, na kabla ya tundu kuna kijumba chenye vizuizi ili matone ya oili yagonge, yarudi chini, na hewa itoke peke yake.

Ukiziba, presha haipotei. Inatafuta palipo dhaifu: sili ya shafti ya gia, sili ya krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni) upande wa sumaku, gaskiti ya kava ya klachi. Fundi anabadilisha sili, baada ya muda mfupi inavuja tena, anabadilisha nyingine, mwisho lawama zinaangukia spea kwamba ni feki. Inawezekana sili ni nzima kabisa ila inasukumwa kutoka ndani. Kwa hiyo pikipiki ikija gereji inavuja sehemu mbili au tatu kwa mpigo, kabla ya kuagiza sili, fuata mpira wa kupumulia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uangalie kama umezibwa, umebanwa na chasisi, au umejaa tope.

Sasa tuseme mpira uko wazi na oili inatoka. Pima kiwango cha oili kwanza, na upime sawasawa. Washa injini dakika mbili tatu, zima, subiri oili ishuke, kisha pima pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, mahali tambarare. Ukipima ikiwa imelala kwenye stendi ya pembeni, unasoma uongo. Kile kijiti cha kupimia nacho, kuna injini zinazotaka ukizamishe bila kukizungusha na kuna zinazotaka ukifunge hadi mwisho. Kitabu cha pikipiki husika ndicho kinachosema, na tofauti yake si ndogo. Halafu kuna mazoea ya kumimina chupa nzima ya lita moja kwa kila pikipiki. Zipo injini ambazo ukimwaga oili bila kuzifungua zinataka pungufu ya lita. Ile ya ziada inapigwapigwa na gia na klachi, inageuka povu, na povu linapita kwenye vile vizuizi bila shida. Hapo dawa ni kupunguza tu. Usione aibu kumwambia mteja kwamba tatizo lake limekwisha kwa kufungua nati ya chini.

Lakini kuna kiwango kinachopanda bila mtu kuongeza oili, na hiki kinanitia wasiwasi kuliko kile kingine. Chomoa kijiti, unuse. Kikinuka petroli, tone lake ukiliweka kwenye karatasi nyeupe likatawanyika haraka na kuacha duara jepesi pembeni, basi petroli imeingia kwenye oili. Mara nyingi ni sindano ya floti kwenye kabureta haifungi, na koki imeachwa wazi usiku kucha. Petroli inashuka taratibu, inapita kwenye silinda, inajikusanya chini. Asubuhi dereva anapiga kiki, anaondoka kwenda kijiweni na oili iliyo nyepesi kama maji, na krenki ndiyo inayolipa. Badilisha sindano, mwaga oili yote siku hiyo hiyo, na umfundishe dereva kufunga koki anapolaza pikipiki. Na tafadhali, asije mtu akajaribu kwa kiberiti.

Ikitoka kitu cheupe kama maziwa, ni maji. Miezi ya Juni na Julai, asubuhi zetu zikiwa na baridi na dereva anafanya safari fupifupi, injini haipati joto la kutosha kukausha mvuke, unaona utando mweupe kwenye kijiti na kwenye mpira. Kidogo hicho kinaondoka ukienda safari ndefu. Msimu wa mvua ni hadithi nyingine. Korongo limejaa, dereva anapita, injini ya moto inazama na kupoa ghafla. Hewa ya ndani inasinyaa na mpira unaoning'inia unanyonya maji kutoka korongoni. Wanaokwenda Bahi wanaelewa ninachosema. Ukipita kwenye maji na oili ikawa maziwa, usiendelee na kazi. Mwaga, weka mpya, zungusha kidogo, angalia tena.

Sasa nije kwenye hili ambalo kwa Dodoma ndilo kubwa: vumbi.

Kuna mzunguko ambao nataka kila fundi aliyeko hapa auone kichwani. Pikipiki ambayo mpira wake unaingia kwenye boksi la eyaklina inaanza kutoa oili kidogo. Oili inalowanisha kichujio. Barabara ya Hombolo au ya vijijini huko Chamwino inaleta vumbi, vumbi linashika kwenye kile kichujio kilicholowa, linakuwa tope. Injini inakosa hewa, plagi inakuwa nyeusi, pikipiki haivuti mlima ikiwa na mizigo. Dereva anakwenda gereji, fundi anatoa kichujio, anakitupa, anasema, "Jaribu sasa." Pikipiki inakwenda kama mpya! Dereva anafurahi, analipa. Kuanzia hapo kila pumzi ya injini inavuta mchanga. Mchanga unakula ringi na ukuta wa silinda, moshi unaopenya unaongezeka, presha chini inaongezeka, na oili inayotoka kwenye mpira inakuwa nyingi kuliko mwanzo. Safari hii hata ukirudisha kichujio haisaidii, maana injini imeshaliwa.

Kwa hiyo oili ikikutwa kwenye boksi la eyaklina, safisha boksi, rudisha kichujio kizuri, kisha tafuta sababu ya oili. Vyote viwili. Kichujio cha sponji kioshwe kwa maji na sabuni, kikauke kabisa, kitiwe oili kidogo na kuminywa hadi kisidondoke. Sponji kavu inapitisha vumbi jembamba la kwetu. Kipande cha godoro si sponji ya pikipiki, naomba tulisahau hilo. Kichujio cha karatasi hakioshwi kwa petroli, kikichoka kinabadilishwa. Halafu fungua klempu ya ule mpira mnene unaounganisha boksi na kabureta, ingiza kidole safi, papasa kwa ndani. Ukitoa kidole na punje zinazokwaruza, vumbi linapita, ama kwenye kichujio ama kwenye ufa wa mpira wenyewe. Mipira hii inapasuka sana kwa jua letu, na ufa unajificha upande wa chini ambako huuoni mpaka uukunje.

Kujua kama ringi zimekwisha si lazima ufungue injini. Chukua chupa ya maji ya kunywa, ile ya plastiki inayoonyesha ndani. Ning'iniza mwisho wa mpira humo, mdomo wa chupa ubaki wazi usizibe, funga chupa kwenye chasisi mbali na ekzosi, na mwache dereva afanye kazi ya siku nzima. Jioni utaona umepewa nini: ukungu kidogo, kijiko cha oili nyeusi, maziwa, au nusu chupa. Nusu chupa baada ya kiwango kuwa sawa ni habari mbaya. Angalia na moshi wa ekzosi. Moshi wa rangi ya bluu unaozidi unapovuta mafuta unaelekeza kwenye ringi. Moshi unaotoka kidogo wakati wa kuwasha kisha unapotea, mara nyingi ni sili za vavu, na hizo hazina ugomvi na mpira wa kupumulia. Mwenye geji apime kompresheni, yaani presha ya silinda pistoni inapobana, kisha atie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Ikipanda wazi, ringi na silinda vimechoka. Isipopanda, geukia vavu.

Ukifikia kufungua, usiweke ringi mpya kwenye silinda iliyokwisha. Silinda iliyoliwa haiko duara tena, ringi mpya haiwezi kuigusa pande zote. Ichongwe na iwekewe pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kidogo, milimita 0.25 au 0.50 kulingana na ilivyoliwa. Alama za ringi ziangalie juu, midomo yake isikae mstari mmoja.

Kijana mmoja hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza kuhusu pikipiki kubwa za watalii wanaopita na ile barabara ya kutoka Arusha. Kwenye Harley-Davidson nyingi kubwa oili haichanganyiki kama kwetu. Injini ina yake, gireboksi ina yake, na kuna kesi ya kushoto yenye mnyororo na klachi, inaitwa praimari, nayo ina yake na tundu lake la kupumulia. Oili ikitoka kwenye tundu la praimari, pima kwanza kama imejazwa kupita kiasi, pikipiki ikiwa imesimama wima. Kama kiwango cha praimari kinapanda huku cha injini kinashuka, sili ya krenki upande ule imepitisha, na presha ya injini inaingia praimari. Ikishuka ya gireboksi, shuku sili ya shafti yake kuu. Sportster za injini ya zamani ni tofauti, praimari na gireboksi zinatumia oili moja.

Swali jingine lilikuwa la oili nzito: je, ukiweka oili ya gia, si itaacha kutoka? Itapungua kwa siku chache, ndiyo. Lakini asubuhi itachelewa kufika juu kwenye kemu, ile shafti inayofungua vavu, na klachi yetu inaogelea kwenye oili hiyo hiyo. Tumia unene uliotajwa kwenye kitabu, na utafute maandishi JASO MA kwenye chupa, maana hayo yanahusu oili inayofaa klachi ya namna hii.

Sasa ile Boxer nyekundu isogezwe hapa kivulini, stendi kubwa. Mwenye spana ya plagi aje, na mmoja anitafutie chupa tupu ya maji.