Sista Karudi Shule: Nani Amebaki Zahanati?

NESI: Karibuni tena, wasikilizaji. Aliye zamu ya usiku, pole na kazi. Leo Mwalimu amekuja na swali la wanafunzi wake.

MWALIMU: Ndiyo, Sista. Ni wauguzi wa cheti waliorudi chuoni kujiendeleza. Wananiuliza, tukimaliza diploma, mshahara unabadilika lini?

NESI: Hilo limenipata mimi mwenyewe. Nilianza kazi na cheti, Muuguzi daraja la pili, kwenye zahanati ya watumishi wawili. Mmoja akienda huduma ya mkoba, yaani kuwafuata wateja vijijini, mwenzake anabaki na foleni ya chanjo, na mama mwenye uchungu akifika ni yeye huyohuyo. Nilipoomba ruhusa ya masomo, mganga mfawidhi, mkuu wetu pale, alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza, "Nani atabaki hapa?"

MWALIMU: Alikuwa na haki ya kuuliza.

NESI: Kabisa. Nikaenda, nikasoma, nikarudi. Mwenye diploma kwenye muundo wa utumishi, yaani mpangilio wa vyeo serikalini, anaitwa Afisa Muuguzi Msaidizi, lakini hati yangu ya mshahara iliendelea kuandika Muuguzi. Kazi yenyewe haikusubiri. Tangu wiki ya kwanza, mama akipata tatizo la uzazi naitwa mimi, wanafunzi wa mazoezi nawasimamia mimi. Iliniuma, Mwalimu. Nilikuwa na watoto wawili shuleni.

MWALIMU: Pole sana, Sista. Wengi hawaelezwi kwamba kubadilishiwa muundo si kupanda daraja. Unahamia kada nyingine, na nafasi ya kada hiyo lazima iwemo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, fedha yake iwemo kwenye bajeti ya mwajiri. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Ukipeleka vyeti Agosti, umeshachelewa.

NESI: Mimi nilipeleka Septemba! Kwa hiyo anayetaka kusoma aanzie kwa afisa utumishi, jina liingie kwenye mpango wa mafunzo, na ruhusa iwe ya maandishi. Ukimaliza, shughulikia usajili na leseni yako Baraza la Uuguzi na Ukunga, halafu fuatilia bajeti inapoandaliwa. Na nakala za kila barua weka nyumbani.

MWALIMU: Tanzania yetu inajua faida ya kumwendeleza mtumishi. Madaktari wasaidizi walianza kufundishwa mwaka 1963. Tabibu aliyekwisha kufanya kazi vijijini alirudi darasani miaka miwili, Ifakara kwa mfano, akatoka daktari msaidizi, anaweza kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Utafiti uliofanyika hospitali za Mwanza na Kigoma, ukachapishwa 2009, uliwalinganisha na madaktari wenye digrii katika upasuaji wa dharura wa uzazi. Haukuona tofauti kubwa ya matokeo.

NESI: Huko wilayani tuliwaona kwa macho. Usiku wa manane, jenereta linanguruma, daktari msaidizi ndiye pekee wa kushika kisu.

MWALIMU: Na lile swali la nani atabaki, Kenya walilitafutia njia. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref na Baraza la Wauguzi la huko walianza kufundisha kwa kompyuta wauguzi wa cheti wafikie diploma. Muuguzi anasoma huku yuko kazini, mafunzo ya vitendo anayafanya hospitali ya karibu. Walilenga wauguzi wapatao 20,000.

NESI: Mimi ningesoma hivyo, zahanati isingebaki na mtu mmoja. Ila mwajiri akupe saa za kusoma, maana ukitoka zamu ya usiku macho hayafunguki.

MWALIMU: Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii? Mpango wao mpya ulizinduliwa Januari 2024, mafunzo ya miezi sita.

NESI: Hao nawapenda. Wanajua nyumba yenye mjamzito kabla hajafika kliniki. Lakini baada ya miezi sita, wapi tena? Kijijini kwetu yupo mmoja anataka uuguzi. Baiolojia alifaulu kidato cha nne, Kemia hakufaulu. Amejiandikisha kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea.

MWALIMU: Anasoma na nani?

NESI: Peke yake, jioni, akimaliza kutembelea kaya.

MWALIMU: Nipe namba yake tukizima mitambo. Mwalimu wa Kemia nitampatia.