Nasaba kwa Fedha: Ndoa Aliyoichora Hogarth

Mabibi na mabwana, tazameni picha iliyo mbele yenu. William Hogarth wa London aliichora mnamo mwaka 1743, ya kwanza katika sita zinazosimulia ndoa moja tangu posa hadi mauti. Zote zimehifadhiwa National Gallery, jumba la sanaa la London.

Mzee huyu mwenye mguu uliofungwa bendeji ni mkabaila anayeugua jongo. Anaonyesha nasaba yake, inayoanzia kwa William Mshindi, mfalme wa kale wa Uingereza. Nasaba anayo, fedha hana: dirishani mnaliona jumba alilolianza likamshinda. Anayemkabili ni mfanyabiashara wa mjini, mwenye fedha na asiye na nasaba, akiusoma mkataba kwa miwani. Huko Uingereza wakati ule baba wa binti ndiye aliyetoa mali, na hapa mali hiyo inakomboa rehani ya mkabaila. Bwana arusi anajitazama kiooni. Bibi arusi amempa mgongo, anachezea pete, na mwanasheria Silvertongue anamnong'oneza. Chini, mbwa wawili wamefungwa mnyororo mmoja.

Wengi husema Hogarth aliwalenga wakabaila. Mimi naona mfanyabiashara kapigwa zaidi. Baadaye mwanasheria, mpenzi wa siri wa binti, anamuua mume, ananyongwa, na binti anakunywa sumu. Katika picha ya sita anakata roho, na baba yake anamvua pete kidoleni isije ikapotea. Sijaona katika michoro ya karne ile pigo kali kuliko hilo.

Sasa picha ya nne, ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuzungumza leo. Bibi anatengenezwa nywele mbele ya wageni, mwimbaji anaimba, Silvertongue amejinyoosha kana kwamba yuko kwake. Mtumishi Mwafrika anagawa chokoleti. Sakafuni ameketi mtoto Mwafrika mwenye kilemba, kati ya vikorokoro vilivyonunuliwa mnadani, naye anacheka akizionyesha pembe za kinyago. Kwa Waingereza wa wakati ule pembe zilikuwa ishara ya mume anayesalitiwa. Siri ya nyumba nzima anaitoa mtoto ambaye matajiri wa London walimweka kama pambo, sawa na kaure zao. Sukari ya vinywaji vyao ililimwa na watumwa visiwani Karibi, na meli za Uingereza zilisafirisha Waafrika zaidi ya milioni 3 kabla ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1807. Kila ninapoitazama picha hii humwangalia yeye kwanza, kabla ya bibi mwenye nyumba, na nawasihi mfanye vivyo hivyo.

Hogarth alijua soko lake. Mwaka 1735 alipigania sheria ya kuwalinda wachongaji wa picha dhidi ya waigaji, na mwaka 1745 akauza nakala za chapa za ndoa hii kwa gini moja, sarafu ya dhahabu ya Uingereza ya enzi hiyo, seti nzima. Zikaenea. Picha zenyewe alizipeleka mnadani mwaka 1751. Matajiri hawakujitokeza, bwana mmoja, John Lane, alizichukua zote sita kwa gini 120, fremu zikiwemo.