Kupima mtiririko wa plastiki ya madumu: kutoka chenga hadi namba

Habari zenu, karibuni tena maabara. Mfuko huu mnaouona mezani una chenga za madumu ya njano, yale ya mafuta ya kula ambayo watu huyageuza ya kuchotea maji mpaka yapasuke. Haya yameshasagwa na kuoshwa. Mwenye mzigo ana swali moja tu: chenga hizi aziyeyushe na kuzidunga, yaani kuzisukuma kwa nguvu, kwenye kalibu ya ndoo, au zinafaa kupulizwa kwa hewa ziwe madumu tena? Jibu linaanzia kwenye namba moja inayoitwa MFI, yaani ni gramu ngapi za plastiki iliyoyeyuka zinapita kwenye tundu dogo kwa dakika 10.

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana kama tambi kwenye sufuria. Tambi ndefu hushikana, ukiinamisha sufuria zinasita. Zilizokatikakatika zinamwagika zenyewe. Kwa hiyo namba ndogo maana yake minyororo ni mirefu, na namba kubwa maana yake ni mifupi.

Mashine ya kupimia MFI tusiiguse bado. Tunaanza na bakuli la maji.

Chukua chenga za kiganja kimoja, zitie kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, koroga. Sabuni hiyo si ya kuoshea. Bila sabuni, chenga nzito hubebwa na kipovu cha hewa ikaelea, nawe ukadanganyika. Zinazozama toa zote: humo mna vipande vya chupa za maji, na pengine PVC ya mabomba. PVC usiifanyie mzaha. Ikiingia kwenye silinda ya moto inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma koo lako na kula chuma cha mashine.

Zilizoelea bado hazijamaliza mtihani. Bakuli la pili lina nusu maji, nusu ethanoli, na uzito wa mchanganyiko huo ni kama gramu 0.93 kwa kila sentimita moja ya ujazo. HDPE, ile yenye namba 2 kwenye kitako cha dumu, ina 0.95 hivi, kwa hiyo itazama. PP, yenye namba 5, ina 0.90, itaelea. Tazama hapa juu: hivi vipande vyeupe ni vizibo. Viokote kwa koleo, weka pembeni. Na kazi hii fanyia mbali na mashine, ethanoli inashika moto haraka.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliona bakuli hili la pili ni la kupoteza muda, nikaliruka. Mashine haikulalamika. PP inayeyuka kwenye nyuzi 165 hivi, kwa hiyo kwenye nyuzi 190 za kupimia ilipita vizuri tu, nikapata namba ya kupendeza nikaiandika. Baadaye mteja akarudi na beseni. Akalikunja ukingo mbele yangu, likaachana tabaka tabaka kama chapati ya maji iliyokauka. HDPE na PP hazichanganyiki hata ukiziyeyusha sufuria moja. Tangu siku hiyo siliruki.

Sasa kausha chenga kwenye oveni, nyuzi 80, saa mbili. HDPE yenyewe hainywi maji, ila chenga zilizooshwa hubaki na unyevu juu yake, na unyevu ndani ya silinda ni vipovu.

Haya, mashine. Washa, weka nyuzi 190 za Selsiasi, usubiri joto litulie kabisa. Silinda ina upana wa milimita 9.55, na chini yake kuna kipande chenye tundu la milimita 2.095. Vaa glavu za joto na miwani. Pima gramu 4 au 5, mimina kwa faneli kidogo kidogo, kila ukimimina shindilia kwa fimbo. Nguvu zako zote ziwe hapa, kwa sababu hewa ukiiacha ndani utaiona kwenye matokeo. Yote haya ndani ya dakika moja. Ingiza pistoni, subiri dakika 5, kisha weka uzito wa kilo 2.16 juu yake.

Kamera isogee karibu kidogo. Uzi unaanza kutoka. Angalia, ni mnene kuliko tundu lililoutoa! Ile minyororo ilibanwa, sasa inajikunja kurudi ilivyokuwa. Na pale juu unapitisha mwanga, ila ukishuka na kupoa unakuwa mzito wa rangi. Hapo plastiki inaganda.

Usikate kwanza. Pistoni ina alama mbili. Alama ya chini ikifika usawa wa mdomo wa silinda, kata na utupe, anza kuhesabu. Leo nakata kila baada ya sekunde 120, mpaka alama ya juu ifike. Kipande chenye kipovu hakihesabiki. Vilivyobaki, angalau vitatu, viache vipoe, pima kimoja kimoja kwa mizani ya miligramu. Kikubwa na kidogo vikipishana zaidi ya asilimia 15 ya wastani, rudia yote.

Vyangu vina wastani wa gramu 0.070. Zidisha kwa 600, yaani sekunde za dakika 10, gawa kwa 120: MFI ni 0.35. Hiyo ni plastiki ya kupuliza, inashuka polepole kama ugali unaokaribia kuiva. Kwenye kalibu ya ndoo ingekwama kabla ya kufika ukingoni. Kulinganisha, nilipima pia kipande cha kreti ya soda: kila sekunde 10 gramu 0.09, yaani 5.4. Hiyo ndiyo ya kudunga. Mwenye mzigo huu apulize madumu, au achanganye na ya kreti kisha alete mchanganyiko tuupime upya.

Kwenye karatasi usiandike 0.35 peke yake. Andika na 190 na 2.16, maana ukibadilisha joto au uzito, namba nayo inahama. Na mteja akikuuliza kama dumu litahimili kuangushwa, mwambie namba hii haijibu hilo. Hilo lina vipimo vyake vya kuvuta na kugonga.

Usafi ufanye mashine ikiwa bado ya moto. Sukuma plastiki yote itoke, pitisha kitambaa cha pamba kwenye fimbo mara tatu au nne, tundu lisafishe kwa kijiti chake. Kisha tazama ndani ya silinda kwa tochi. Ukiona hata utando mwembamba wa njano, pitisha kitambaa tena.